Chini ya Bawa la G-ADPR

Auckland

Jumapili, 10 Septemba

Urefu mita 7.5, mabawa mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Naanza na tarakimu kwa sababu pale ndani ya uwanja wa ndege macho hayaaminiki. Dari liko juu mno, chini yake watu wanakokota masanduku makubwa, na Percival Gull, ndege ya rubani Jean Batten, inaonekana imefinywa. Nilipita leo baada ya shifti ya usiku, nikasimama zaidi ya nilivyokusudia. Jengo lenyewe la abiria wa kimataifa lina jina lake, na ipo sanamu yake ya shaba, lakini mimi navutwa na ndege. Sanamu humwonyesha mtu kama wengine walivyotaka kumwona. Ndege ndicho kitu alichokalia.

Muda wote niliokuwa pale aliyeinua kichwa ni mtoto mmoja aliyebebwa begani na baba yake. Wengine walikuwa wanatafuta pasipoti.

Sisi mafundi tunasoma herufi za usajili kabla ya kitu kingine chochote. G-ADPR. G ni Uingereza. Ndege za hapa huanza na ZK, za kwetu Kenya 5Y. Kwa hiyo fahari hii ya New Zealand imeandikwa ugenini tangu ilipotoka kwenye kiwanda cha Edgar Percival mwaka 1935, na hata ilipoletwa huku kutundikwa herufi hazikuguswa. Wamefanya vyema. Ningewacheka kama wangezipaka rangi.

Ni mbao na kitambaa. Injini ni Gipsy Six ya de Havilland, nguvu farasi 200, silinda 6 kwa mstari mmoja, zimepinduliwa kichwa chini ili pua ya ndege isimzibe rubani. Magurudumu hayakunjiki, yamevishwa vifuniko ili upepo uteleze. Nyuma ya rubani, mahali ambapo abiria wangekaa, palijazwa matangi ya petroli ya ziada. Akilini mwangu nilikuwa nimemweka kwenye kitu kikubwa zaidi.


Ijumaa, 15 Septemba

Leo ndiyo siku aliyozaliwa Jean Batten, mwaka 1909, Rotorua, baba yake akiwa daktari wa meno. Na tarehe hiihii mwaka 1935, akitimiza miaka 26, alijinunulia ile Gull. Zawadi ya kujipa mwenyewe. Wakati huo alikuwa na jina na fedha za hotuba na magazeti.

Mwaka aliozaliwa ndio mwaka Louis Blériot alipovuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, na inasimuliwa kwamba mama yake, Ellen, alibandika picha ya Blériot ukutani kando ya kitanda cha mtoto. Hadithi za namna hii huwa zinakumbukwa baada ya mtu kufanikiwa, sizitii maanani sana. Lakini huyo mama namwamini. Mwaka 1929 binti alipandishwa na rubani Charles Kingsford Smith ndani ya ndege yake, Southern Cross, huko Australia, akashuka akisema naye atakuwa rubani. Baba hakutaka kusikia, mtoto alikuwa na kipaji cha piano. Basi piano ikauzwa. Mwaka uliofuata mama na binti wakapanda meli kwenda Uingereza, baba akijua kwamba mtoto anakwenda kusomea muziki. Akajiandikisha London Aeroplane Club, pale Stag Lane, na kabla ya mwaka kwisha akawa na leseni ya kwanza. Ya biashara aliipata 1932.

Nilipopata nafasi ya kusomea ufundi wa ndege Nairobi, Mama aliuza bangili zake za dhahabu. Wajomba walimwambia anatupa mali baharini, eti mtoto wa kike wa Kisauni na injini za ndege wapi na wapi. Leo nimempigia, huku asubuhi na kwao bado ni usiku, nikamsimulia habari ya piano nikidhani itampendeza.

"Piano si bangili, mwanangu," akasema. "Piano huwezi kwenda nayo arusini."


Alhamisi, 21 Septemba

Habari za Batten huanzishwa na rekodi. Mimi nataka kuanza na konrodi.

Aprili 1933 aliondoka Uingereza kwa ndege kuukuu ya Gipsy Moth akikusudia Australia. Karibu na Karachi konrodi, fimbo ya chuma inayoshikana na pistoni, ikakatika. Anayejua injini anajua maana yake: chuma kinachopiga kwa kasi ile kikikatika hakikai mahali pake, kinatoboa. Akashuka alikoweza, ndege ikaharibika, yeye akapona. Moth ile ilitoka kwenye fedha za kijana aliyempenda, Victor Dorée. Kabla yake mwingine, Fred Truman, alimkopesha pauni 500. Baada ya ajali akaenda kwa Lord Wakefield, bwana wa oili ya Castrol, naye akamnunulia Moth nyingine iliyotumika, kwa pauni 240.

Aprili 1934 akaondoka tena. Marseille walimshauri asiruke, upepo ulikuwa wa kumkabili na mvua imefunga. Akaruka. Petroli ikamwishia usiku juu ya Roma, akateremka gizani bila injini, akaangukia katikati ya milingoti ya kituo cha redio. Alipasuka uso kidogo. Kama gurudumu lingekwenda mita chache upande mwingine tusingekuwa na jengo lenye jina lake. Aliirudisha ndege Uingereza ili aanze upya, na mabawa ya chini yakahitaji kubadilishwa. Mchumba wake wa wakati huo, Edward Walter, alikuwa na Moth yake mwenyewe. Yakafunguliwa mabawa ya mchumba yakafungwa kwake.

Nimefanya kazi kwenye hanga ambako tuliazimana plagi, tairi, hata propela, huku tukiomba mkaguzi achelewe chai. Mabawa ya mchumba sijapata kusikia. Na ndiyo aliyorukia: aliondoka Lympne, Kent, tarehe 8 Mei 1934, akafika Darwin tarehe 23, siku 14, saa 22 na dakika 30. Amy Johnson, aliyeruka njia hiyo kabla yake, alikuwa ametumia siku zaidi ya 4 juu ya hizo. Mwaka uliofuata akairudisha Moth ileile Uingereza kwa njia ya angani, akawa mwanamke wa kwanza kwenda Australia na kurudi.

Mama akauliza swali lake moja: "Na hayo mabawa, alimrejeshea?"

Nilimwambia uchumba ulivunjika. Akacheka hadi simu ikakwaruza.

Jean Batten hakuwa mtu wa kugeuka nyuma kuhesabu aliowakopa, na pauni 500 za Truman hazikurudi. Sipendi hilo. Lakini ninapoitazama ile ndege juu, nadhani ingefaa ijulikane kwamba safari hizi zinazoitwa za mtu mmoja zilikuwa na wanaume kadhaa waliobaki chini na mifuko mitupu, na mama mmoja aliyevuka naye bahari kwa meli, na mafundi wa Stag Lane waliomwacha binti wa kizungu atie mikono kwenye grisi akajifunza kufungua injini na kuifunga. Hao wa mwisho ndio ninaowatafuta kila mahali na siwaoni kwenye picha.


Jumatatu, 2 Oktoba

Siku nzima mvua. Nimefikiria Nairobi.

Nilifanya kazi Wilson Airport kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu nilidhani Wilson ni bwana fulani wa serikali ya kikoloni. Sikuwa peke yangu. Kumbe ni Florence Kerr Wilson, mwanamke mjane aliyetoa fedha zake akaanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Uwanja uliitwa Nairobi West, na mwaka 1962 ndipo ulipopewa jina lake. Jina hilo husemwa kila dakika redioni na marubani wanaokwenda Lamu, Lodwar, Mara, na sijui wangapi kati yao wanajua kwamba wanamtaja mama. Hapa Auckland angalau wameandika Jean.

Rubani wa kwanza wa Bi. Wilson alikuwa Tom Campbell Black, na huyo ndiye aliyemfundisha Beryl Markham. Beryl alikulia Njoro akifunza farasi wa mashindano, akawa mwanamke wa kwanza Kenya kupata leseni ya biashara ya urubani, akabeba barua, abiria, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Tarehe 4 Septemba 1936, jioni, aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea magharibi, upepo ukimpinga njia nzima. Barafu ikaziba hewa ya tangi la petroli, injini ikazima, akatumbukia pua mbele kwenye kinamasi cha Baleine Cove, Nova Scotia, baada ya saa 21 hivi. Hakufika New York alikokusudia, lakini hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka Atlantiki upande ule peke yake kutoka Uingereza bila kutua.

Ndege yake ilikuwa Vega Gull. Kiwanda kilekile cha Percival, injini ileile ya Gipsy Six, dada mkubwa wa hii inayoning'inia huku. Na usajili wake ulikuwa VP-KCC. VP-K ndiyo herufi za Kenya ya wakati huo, maana mwenye ndege, Carberry, alikuwa mlowezi wa kwetu. Mwezi mmoja baadaye Batten akaruka na Gull yake kuja Auckland. Wanawake wawili, ndugu wawili wa kiwanda kimoja, vuli moja ya Uingereza. Campbell Black hakuwahi kuiona safari ya pili: tarehe 19 Septemba, pale Speke, Liverpool, ndege ya jeshi ilimgonga akiwa bado ardhini ndani ya ndege yake.

VP-KCC haikutundikwa popote juu ya vichwa vya abiria wa Nairobi. Beryl mwenyewe alifia Nairobi mwaka 1986, akiwa na miaka 83, na kama kitabu chake kisingechapishwa upya miaka mitatu kabla, angekufa akikumbukwa na watu wa farasi tu.


Jumatatu, 16 Oktoba

Hii ndiyo tarehe aliyotua Batten, mwaka 1936. Alitua hapahapa Māngere, ulipokuwa uwanja wa majani wa klabu ya ndege, saa kumi na moja jioni, watu 6,000 wakimngoja. Kutoka Lympne tarehe 5 Oktoba: kilomita 22,891, siku 11 na dakika 45. Hakuna aliyekuwa ameruka peke yake kutoka Uingereza hadi New Zealand kabla yake, mwanamume wala mwanamke.

Nataka kuandika kuhusu siku ya mwisho, maana kila nikisikia ikisimuliwa naona watu wanakwenda haraka kwenye neno "ujasiri". Ujasiri alikuwa nao, ndiyo. Hata Beryl alikuwa nao. Hata yule aliyeruka Marseille na upepo wa kumkabili alikuwa nao, na ulimtupa kwenye milingoti. Kilichomvusha bahari ya Tasman ni kitu kingine.

Aliondoka uwanja wa jeshi wa Richmond, karibu na Sydney, kabla hakujapambazuka. Mbele yake maji matupu. Redio hakuwa nayo. Wakubwa na magazeti ya Australia walikuwa wamemsihi aache, awe ameridhika na Sydney. Yeye akaagiza kwamba akipotea baharini asitafutwe, hakutaka marubani wengine wahatarishe maisha kwa ajili yake. Kisha akakaa kwenye kiti na dira, saa na ramani.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuieleza. Unajua kasi yako, unajua unakoelekea, unajua saa imekwenda kiasi gani. Usichokijua ni upepo. Ukipigwa ubavuni na upepo wa kilomita 20 kwa saa, nawe hukuutambua, baada ya saa 9 umesogezwa kilomita 180 nje ya njia yako. Aliilenga New Plymouth. Kilomita 180 kusini ya hapo ni mlango wa bahari wa Cook, na baada ya huo ni bahari ya Pasifiki yote. Kwa hiyo rubani anachungulia povu la mawimbi aone ndege inavutwa upande gani, anasahihisha, anaandika, anachungulia tena. Mawingu yakishuka na mvua ikiziba, kama ilivyomkuta, hana povu la kuchungulia. Anabaki na alichoandika.

Halafu ipo dira. Dira ndani ya ndege hudanganywa na chuma cha injini na nyaya. Ndiyo maana inasahihishwa ardhini: ndege inageuzwa kidogo kidogo hadi mduara mzima, kila hatua tunalinganisha, tofauti inaandikwa kwenye kadi inayobandikwa mbele ya rubani. Ni kazi ya kuchosha, juani, na wanafunzi wote huichukia. Nimeifanya mara nyingi pale Wilson, marubani wakitukunjia uso kwamba tunawachelewesha. Nyuzi 2 tu za kosa, kwa mwendo wa kilomita 2,000, ni kilomita 70.

Saa tisa na nusu baada ya kuondoka, New Plymouth ikawa chini yake, palepale alipopachora kwenye ramani. Akazunguka kidogo, akaifuata nchi kwenda Auckland.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amefanya vivyo hivyo juu ya Atlantiki ya kusini. Kutoka Thiès, Senegal, hadi Natal, Brazil, saa 13 na dakika 15, mwanamke wa kwanza kuvuka huko peke yake, akakuta rasi aliyoilenga iko mbele ya pua. Mtu anaweza kubahatisha mara moja. Huyu binti wa daktari wa meno alikuwa fundi wa hesabu, na daftari zake zingenifurahisha kuliko picha zake zote za suti nyeupe ya kurukia.

Ndege iliyotundikwa haiwezi kuonyesha hayo. Inaonyesha kwamba ilifika.


Alhamisi, 19 Oktoba

Jirani yangu, bibi wa Kisamoa, ana mjukuu anayesoma Jean Batten School hapa Māngere. Nilimuuliza mtoto Jean Batten ni nani. Akanitazama kwa huruma. "Ni shule yetu," akasema.


Alhamisi, 9 Novemba

Nimekuwa nikisoma vitabu vya Batten kutoka maktaba. Anaandika vizuri kuhusu mawingu, na kuhusu watu haandiki karibu chochote. Kila kiwanja anachotua wapo maofisa wema, chai, maua. Hasira hazimo, wala aliowadai au waliomdai. Alijua kutunza uso. Alibeba poda na gauni la jioni katika ndege ambayo kila kilo ilihesabiwa, akashuka mbele ya kamera akiwa nadhifu kama aliyetoka chumbani. Wapo wanaomcheka kwa hilo. Mimi simcheki. Nimeingia hanga asubuhi nikiwa mwanamke pekee, najua mtu hutazamwa nini kwanza.

Wazee wa Kimaori wa Te Arawa, pale Ōhinemutu, Rotorua, walimpa joho la manyoya na jina la Hine-o-te-Rangi, Binti wa Mbingu. Alikuwa amerudi nyumbani kweli. Lakini hakukaa.

Februari 1937 alipanda meli kwenda Sydney kukutana na Beverley Shepherd, rubani wa Australia, mpenzi wake. Alipofika, ndege aina ya Stinson ambayo Shepherd alikuwa rubani msaidizi wake ilikuwa imepotea kwenye milima ya Queensland. Naye akatoka kutafuta kwa ndege pamoja na wengine. Shepherd alikuwa amekufa. Katika maandishi yake jambo hili limepita upesi upesi, nami nimefunga kitabu.

Oktoba ya mwaka ule akaruka kutoka Australia hadi Uingereza kwa siku 5, saa 18 na dakika 15. Sasa alishika rekodi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Mwaka 1938 shirikisho la kimataifa la urukaji, FAI, lilimpa medali yake ya dhahabu, mwanamke wa kwanza kuipata. Alikuwa na miaka 28. Basi. Hakukuwa na safari nyingine ndefu. Vita vilipoanza jeshi la anga la Uingereza likaichukua Gull, na yeye hakurusha ndege vitani. Alizunguka kuhutubia watu wachangie fedha. Amy Johnson na wengine walipokea kazi ya kusafirisha ndege za jeshi, Batten hakuwamo.

Nimekuwa nikijiuliza mtu hufanyaje kuanzia miaka 28. Yeye na mama yake walihama pamoja, Jamaika, kisha Ulaya kwa gari, Hispania, mwishowe Tenerife. Mama alikuwa kila kitu: meneja, rafiki, mlinzi wa mlango. Waliotaka kumfikia Jean walipita kwa Ellen. Ellen alifia Tenerife mwaka 1966, na binti akabaki na miaka 56 na hakuna mtu.

Mama yangu hupiga simu kila Jumapili kuniuliza nitarudi lini na kama nimepata mtu. Huwa nakasirika. Jumapili hii sikukasirika.


Jumatano, 22 Novemba

Batten alikufa tarehe hii, mwaka 1982, Palma, Majorca. Mbwa alimuuma, kidonda hakikuonekana kikubwa, akakataa matibabu. Sumu ikapanda hadi mapafuni. Alikuwa na miaka 73, amepanga chumba, wenyeji hawakujua ni nani. Taarifa zilipaswa kupelekwa kwa ndugu, hazikupelekwa. Januari akazikwa kwenye kaburi la pamoja la maskini.

Kilichofuata ndicho kinachonikaba. Miaka karibu mitano ilipita dunia ikidhani yuko hai mahali fulani, amejificha kama kawaida yake. Barua ziliendelea kuandikwa kwake. Mwaka 1987 ndipo mwandishi wa maisha yake, Ian Mackersey, alipofuatilia hadi Majorca na ukweli ukajulikana. Kujificha kwake kulikuwa kumekamilika kiasi kwamba hata kufa hakukuonekana.

Miaka miwili kabla ya kifo, Judith Chisholm, rubani Mwingereza, alikuwa ameivunja rekodi ya Lympne hadi Auckland iliyodumu miaka 44. Na ndege? Baada ya vita ilitunzwa Uingereza katika mkusanyiko wa Shuttleworth, ikirushwa siku za maonyesho, hadi Auckland ilipoinunua katika miaka ya 1990. Yaani ndege ilikuwa na anwani inayojulikana miaka yote hiyo. Ilikuwa na mafundi, ratiba ya ukaguzi, cheti. Fundi fulani alikuwa akiandika kwenye daftari lake kila ilipobadilishwa oili. Mwenyewe hakuwa na mtu wa kuandika kwamba amekufa.

Leo sikupita chini yake. Nilikuwa na ukaguzi wa magurudumu hadi alfajiri, nikapanda basi.


Jumapili, 3 Desemba

Nilituma picha ya Gull kwenye kundi la hanga letu la zamani, pamoja na swali: Wilson wa Wilson Airport ni nani? Majibu yamekuja siku nzima. Mmoja kasema ni rais wa Marekani. Mwingine kasema ni mzungu aliyekuwa na shamba pale, mwingine kwamba ni kampuni ya mipira ya tenisi. Kijana mmoja kasema, kwa uhakika mkubwa, kwamba ni rubani aliyeanguka Ngong.

Jioni yao ndipo aliponijibu Mzee, kwa sauti, maana hapendi kuandika. Yeye ndiye aliyetufundisha wote. Alianza kazi Eastleigh, Jeshi la Anga la Kenya lilipokuwa na Chipmunk na injini za Gipsy Major, nduguze hii Gipsy Six, nazo kichwa chini vilevile. Kuhusu Wilson alisema tu, "Florence. Mwanamke. Nyinyi hamsomi." Akamaliza hapo. Yaliyomshughulisha ni picha. Alitaka kujua propela ni ya mbao au ya chuma, na kama wameacha oili ndani, kwa sababu injini za namna ile zikikaa oili huteremka kupitia ringi na kujaa vichwa vya silinda.

"Mwanangu, waambie wasije wakaiwasha hivihivi. Swichi zizimwe, propela izungushwe kwa mkono kwanza, taratibu. Ikikwama wasilazimishe, wafungue plagi oili imwagike. Wakilazimisha, konrodi inapinda."

Nikamjibu kwamba, Mzee, hii haiwashwi tena, imetundikwa darini juu ya abiria.

"Hata hivyo," akasema.

Kisha akauliza kama mishahara huku inalipwa kwa mwezi au kwa wiki, ana kijana wake amemaliza mafunzo, mkono mwepesi, ila mdomo mrefu kidogo. Nimemwambia kila wiki mbili, na kwamba anitumie vyeti vyake niviangalie kabla hajalipa mtu yeyote.